Somo la Redio: Familia Inapohamia Nchi Jirani

Leo tutazungumza juu ya watu wanaohamia nchi nyingine ya Afrika kwa ajili ya kazi. Wengi hudhani kwamba taabu ya ugeni iko Ulaya tu, na kwa jirani ni kama nyumbani. Haya, tutazame.

Tuchukue mfano wa fundi mmoja wa reli, mtu wa Mbeya. Reli ya TAZARA ilijengwa tangu mwaka 1970 hadi 1975. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, nayo ni mali ya serikali mbili, Tanzania na Zambia. Karakana yake moja iko Mpika, nchini Zambia. Fundi wetu akapelekwa huko, pamoja na mkewe na watoto wao watatu.

Walivuka mpaka Tunduma. Upande wa pili, Nakonde, bado walisikia Kiswahili sokoni, na mama akafurahi. Walipofika Mpika furaha ilipungua. Huko watu husema Kibemba, na lugha ya ofisi ni Kiingereza.

Jambo la kwanza lilikuwa saa. Saa ya Zambia iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja. Tena wao huhesabu kwa Kiingereza, kuanzia katikati ya usiku. Mama aliambiwa kwa Kiingereza ampeleke mtoto shuleni saa nane. Akaenda saa nane mchana, akakuta mlango umefungwa. Mwalimu alikuwa amemngoja saa mbili asubuhi!

Chakula hakikuwa na shida. Ugali ni ule ule, nao huuita ubwali. Dagaa huitwa kapenta. Viwavi vilivyokaushwa ndivyo vilivyowashinda watoto, lakini yule mdogo alivizoea upesi.

Salamu ndizo zilizoleta uchungu. Kwa Kibemba, mtu mmoja aliye mkubwa husalimiwa kama watu wengi: "Muli shani?" Mama alisikia watoto wakiambiana "Uli shani?" Akaona ni sawa na "U hali gani?" yetu, akamwamkia hivyo mzee wa jirani. Mzee alinyamaza. Siku nyingi zilipita kabla mama hajajua kwamba alimsalimu mzee kama anavyosalimiwa mtoto.

Baba hakuona mambo hayo. Yeye alikuwa na wenzake karakanani, wengine Watanzania. Aghalabu ndivyo ilivyo: mwenye kazi huzoea upesi, na mzigo wa ugeni hubaki nyumbani.

Mtoto mkubwa alikuwa darasa la tano. Hesabu aliijua, lakini maswali yaliandikwa kwa Kiingereza, naye alikuwa amefundishwa kwa Kiswahili. Akarudishwa nyuma darasa moja. Baba akamgombeza kwa uvivu. Hapo baba alikosa, maana mtoto hakukosa akili, alikosa lugha. Baada ya miezi michache watoto walisema Kibemba kuliko wazazi, na mama akawa anamchukua mmoja wao hata hospitali ili amtafsirie. Sokoni si neno. Lakini maradhi ya mama si habari ya kusemwa na mtoto wa miaka kumi.

Basi mama alifanyaje? Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima kama hili lenu. Akaona kwamba Kibemba huandikwa kwa herufi hizi hizi, na husomwa karibu kama Kiswahili. Ila herufi "c" husomwa "ch". Akanunua daftari, akamwomba jirani mwanamke amtajie maneno. Mengi yalikuwa ndugu ya maneno yetu. Hata fedha yao, kwacha, iliyoanza mwaka 1968, maana yake ni kumekucha. Alipomwendea tena yule mzee alisema, "Muli shani?" Mzee akajibu, "Bwino."

Na jioni mama aliwakalisha watoto wamwandikie bibi yao barua kwa Kiswahili, maana siku moja watarudi Mbeya.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni maneno haya ya Kibemba, na mbele ya kila neno andikeni la Kiswahili linalofanana nalo: abantu, umwana, imfula, insofu. Mwalimu wa darasa atasahihisha. Kwaherini.