Pika Jumapili, Dishi Wiki Nzima: Hii Ndio Njia ya Kugandisha Supu na Madondo Bila Kuharibu Tumbo

Saa mbili usiku. Mat imekushukisha stage ukiwa umechoka vibaya, tumbo inanguruma, na kwa keja hakuna kitu imeiva. Hapo ndipo doh huyeyuka. Si ati unapenda kibandaski sana. Ni vile madondo yanataka masaa mawili kwa moto na wewe umebaki na nguvu ya dakika kumi.

Tufanye hesabu ya haraka. Tuseme madondo na chapo mbili ni soo na finje. Siku tano ni mia saba hamsini. Wiki nne, thao tatu zimeenda, na bado hujahesabu lunch. Sasa chukua kilo moja ya madondo makavu: ikishaiva inapita kilo mbili, yaani sahani saba au nane za mtu mwenye njaa. Na kitu inamaliza mtungi wa gesi si kukaanga kitunguu, ni kuchemsha. Kilo mbili kwa sufuria moja hazili gesi mara mbili ya kilo moja. Ndio maana wasee wajanja wanachemsha mara moja Jumapili, wanagandisha vipimo vya mtu mmoja, halafu wiki yote ni kupasha tu.

Madondo yaloweke usiku wa Jumamosi. Asubuhi mwaga hiyo maji, weka mpya. Yale mekundu yana sumu ya asili ambayo inakufa tu yakichemka kabisa, kwa hivyo yaache yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi kabla upunguze moto. Nusu mbichi usile, utatapika.

Supu nayo, enda kwa buchari mapema uitishe mifupa ya miguu au ya mgongo, akukatie vipande vidogo. Weka maji baridi, washa moto, toa lile povu linalopanda juu, halafu tupa kitunguu, tangawizi, saumu na karoti. Moto mdogo, kifuniko juu, masaa mawili au matatu. Kama uko na presha kuka, saa moja hivi inatosha. Chumvi weka kidogo tu, utamalizia siku ya kula. Na kama unatumia jiko la makaa ndio uokoe gesi, pikia nje. Jiko likiwaka ndani ya keja imefungwa linatoa hewa ya sumu haina harufu, na watu wamelala hivyo wasiamke.

Mpaka hapo kila mtu anaweza. Wengi huanguka kwa kupoesha.

Mimi nilianguka. Sufuria ya lita nane, supu tamu, nikaifunika nikaiacha juu ya meko ipoe. Nikalala. Asubuhi ilikuwa bado vuguvugu katikati, nikaitia kwa vikopo, nikagandisha, nikajiambia moto utaua kila kitu. Jumanne nilipasha mpaka ikachemka, nikakula. Jumatano sikuenda job, na choo ya plot tunashare watu sita. Tuachie hapo.

Maelezo ni haya. Kuna bakteria wanaotengeneza vijimbegu vigumu ambavyo havifi vikichemshwa. Supu ikikaa kati ya digrii 5 na 60 kwa masaa, vinaamka na kuzaana. Wengine, kama Bacillus cereus, wanaacha sumu ambayo haiishi hata ukichemsha tena. Sufuria kubwa ikiwa imejaa ni kama blanketi, katikati inashika joto usiku mzima.

Kwa hivyo ukizima moto, hesabu masaa mawili tu. Weka maji baridi kwa karai, ingiza sufuria ndani, koroga, badilisha maji yakishika joto. Ama gawa supu haraka kwa vikopo vifupi, visizidi kina cha vidole vitatu. Usiiingize friji ikiwa moto sana, utapasha joto maziwa na nyama za jana.

Video za majuu zitakuonyesha wakitumia mifuko ya plastiki. Huku mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo vikopo vya plastiki vyenye kifuniko ndio mambo yote. Usijaze mpaka juu. Maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9, na chupa ya glasi iliyojaa itapasuka. Andika tarehe kwa kipande cha karatasi, ubandike juu. Ukikosa, baada ya wiki mbili hutajua kama ni supu ama ndengu.

Sasa angalia mlango wa kile kifriza chako. Kuna alama za nyota. Nyota moja inamaanisha chakula kilichogandishwa kikae wiki moja, mbili ni mwezi, tatu ni miezi mitatu. Friji nyingi ndogo za bedsitter zina kisanduku cha nyota moja au mbili, kwa hivyo usipike ya kufika Krismasi. Na usiingize vikopo kumi vyote mara moja. Vya Jumatatu na Jumanne viweke chini kwa friji ya kawaida, vingine ndio vigande.

Viazi usigandishe, vitatoka kama sponji. Makaroni pia. Dhania weka mbichi ukipasha. Tui la nazi litajitenga, lakini ukikoroga kwa moto linarudi. Madondo, ndengu, mbaazi, githeri bila viazi na supu ya mifupa zinaganda poa kabisa.

Siku ya kula, toa kikopo asubuhi ukiweke chini kwa friji, si juu ya meza. Umesahau? Mwagia kikopo maji ya bomba nje, supu ichomoke kama tofali, tupa kwa sufuria na maji kidogo, funika, moto mdogo. Subiri ichemke yote, si pembeni tu. Pasha ile utamaliza, usirudishe. Kata sukuma, kaanga, kamua ndimu, na kama una chapo ya jana umeomoka.

Stima ikipotea, usifungue friza kila dakika kuangalia. Friza kubwa iliyojaa inaweza kushikilia siku mbili ikiwa imefungwa, nusu yake ikiwa nusu tupu, lakini kisanduku cha friji ndogo hakifiki hapo. Stima ikirudi, supu yenye barafu bado ndani iko sawa. Iliyoyeyuka na kushika joto kwa masaa, mwaga, hata kama inanukia vizuri.

Huna friji? Muulize jirani mwenye nayo, mchange tokeni na mifupa, mgawane vikopo. Ama nunua madondo na githeri zimechemshwa kwa wale wamama wa kando ya barabara wanaopima kwa mkebe. Wameshakuchomea makaa, wewe kazi yako ni kitunguu na nyanya. Nunua ya leo tu.