Ruhusa na Ridhaa: Maneno ya Simu na Maana Zake

Maneno kivinjari, faragha na ruhusa yamepewa kazi mpya katika simu za mkononi. Yafaa yachunguzwe, maana mwenye simu huyategemea ili afahamu anaulizwa nini.

Kivinjari chatokana na kitenzi vinjari, yaani kuzunguka huku na huko kwa kuangalia, kama chombo kilichoko doriani. Aliyeliunda neno hili alimdhania mwenye simu kuwa ndiye aangaliaye. Katika matangazo ya biashara naye huangaliwa. Mtu aliyeko Kigera, Musoma, afunguapo ukurasa wa habari, huenda akaulizwa kama auruhusu kujua mahali alipo. Akikubali, simu hutoa namba mbili, ya latitudo na ya longitudo. Zikiwa na tarakimu mbili baada ya nukta huonyesha eneo tu, kwani karibu na Ikweta sehemu moja ya mia ya digrii ni kama kilomita 1.1; zikiwa na nne, kosa halizidi sana mita 11, na hiyo ni nyumba yenyewe. Namba hizo zaweza kuingizwa katika mnada wa matangazo, ambao huisha kabla ukurasa haujafunguka wote, nao wazabuni huziona, hata walioshindwa. Kukataa hakufichi yote: anwani ya intaneti pekee hudokeza nchi, na pengine mji.

Faragha ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya utupu na wasaa. Waswahili wamelifanya kuwa mahali: watu huenda faraghani. Lakini huyu wa Kigera aweza kujifungia chumbani peke yake na bado faragha asiwe nayo, kwa kuwa sasa neno lahusu habari za mtu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania yaitaja haki hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Shaka yangu kubwa ni juu ya «Ruhusu». Kwa desturi mtoa ruhusa ni mwenye mamlaka, mzazi au mwenye nyumba, tena huruhusu jambo analolijua. Anayeruhusiwa kupita uani hakuruhusiwa kuuza habari za ua. Sheria hutumia ridhaa, neno zito zaidi, maana haridhii mtu asichoelezwa. Swali la simu humtaja aombaye tu. Wale atakaowapa hawatajwi.