Kwa nini Lisp ina car na cdr

Msomaji anayejifunza Lisp ametuuliza: kwa nini kitu cha kwanza katika orodha huitwa car, na vyote vinavyobaki cdr, inayotamkwa "kuda"? Lugha hiyo ya kompyuta aliianzisha John McCarthy mwaka 1958 pale MIT, Marekani. Mengine ya historia tuyaache, maana utamu wenyewe umo ndani ya mashine.

Lisp ya kwanza iliendeshwa kwenye kompyuta ya IBM 704. Kila chumba cha kumbukumbu yake kilikuwa na biti 36, zimegawanywa mafungu manne: 3, 15, 3 na 15. Fungu moja la biti 15 liliitwa anwani, la pili kipunguzi. Biti 15 zinatosha kutaja vyumba 32,768, basi chumba kimoja kiliweza kubeba anwani mbili! Chukulia unakusanya bidhaa Kariakoo, na kila muuzaji anakupa kikaratasi chenye mistari miwili: wa juu unataja stoo ulipo mzigo, wa chini unataja duka linalofuata. Maduka yatawanyike mitaa yote, hupotei. Ukitaka kuingiza muuzaji mpya katikati, hakuna anayehamishwa: unafuta mstari mmoja wa chini, unaandika mwingine. Kikaratasi cha mwisho, chini kimeandikwa "basi". Kikaratasi ndicho chumba cha kumbukumbu: mstari wa juu ndio car, yaani yaliyomo kwenye sehemu ya anwani. Wa chini ndio cdr, yaliyomo kwenye sehemu ya kipunguzi.

Zikaja kompyuta zisizo na kipunguzi, majina yakabaki. Yalibaki kwa sababu yanaungana. Andika cadr, usome kutoka kulia: chukua cdr, kisha car yake, umepata kitu cha pili. Caddr ni cha tatu. Common Lisp ina first na rest pia, yanaeleweka upesi, lakini hayaungani hivyo.

Kwa Kiswahili napendekeza "kwanza" na "salio". Wapo watakaotaka "kichwa" na "mkia", ila mkia ni kipande cha mwisho, na cdr ya orodha ya vitu 100 ni orodha kamili ya vitu 99. Salio kila mwenye simu analijua: ni kilichobaki, na unaendelea kukitumia mpaka kiishe. Tena linaungana: kwanza ya salio, kwanza ya salio la salio.

Jina la dhana lipimwe hivyo: litaje kazi ya mwandishi wa programu, si viungo vya mashine, na likubali kuunganishwa. Car na cdr zilifaulu kipimo cha pili tu. Tunaounda istilahi leo tuna nafasi ya kufaulu vyote viwili.