Udongo wa Ukambani, Tope la Malindi

Mvua za vuli zikishajaza mito na kaskazi ikaanza kuvuma, bahari mbele ya mji wa Malindi hugeuka rangi ya udongo. Mto Sabaki humwaga maji yake kaskazini mwa mji, na upepo wa msimu huo huyasukuma kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kusi ikirudi, tope huelekea Mambrui na Ngomeni. Udongo huo si wa Pwani. Mwingi hutoka mashamba na miteremko ya Machakos na Makueni, huko Ukambani, na viunga vya Nairobi, ambako mto huu bado huitwa Athi. Ukipita Tsavo huwa Galana, na kwetu hufika ukiwa Sabaki.

Wapo wanaosema kwamba mto haukuanza jana kubeba udongo, na kwamba gharika kama ya 1961 au ya El Niño ya 1997 ni kazi ya Mungu, si ya jembe. Hoja hiyo ina ukweli, lakini matumbawe yenyewe yameweka kumbukumbu. Tumbawe hukua mwaka hadi mwaka kwa tabaka, kama mti, na madini ya bari (barium) yanayong'ang'ania chembe za udongo huachiliwa baharini na kuingia katika mifupa yake. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha walichokisoma katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Kwa karne mbili udongo ulikuwa kidogo, ukipanda tu miaka ya gharika. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ulianza kuongezeka, wala haukurudi ulikokuwa. Mvua hazikuanza katika karne ya 20. Kilichoanza ni ardhi kugawanywa kwa amri ya wakoloni, watu na ng'ombe kubanwa katika maeneo finyu, na misitu kufyekwa. Makadirio ya miaka ya 1950 yalikuwa makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakizungumzia mamilioni. Hata tukikubali kwamba vipimo vya zamani vilikuwa hafifu, pengo hilo haliwezi kuwa kosa la mizani peke yake.

Basi si heri bwawa? Ujenzi wa bwawa la Thwake, mahali mto Thwake unapoungana na Athi, ulianza mwaka 2018, na wengi wanatumaini litachuja tope kabla halijafika baharini. Mimi naona tumaini hilo linachanganya vitu viwili. Mchanga ni mzito: hubiringika chini ya maji, na ukifika kwenye maji yaliyotulia hutua. Tope laini huelea, na sehemu yake hupita na mafuriko hata penye ukuta. Kwa hiyo bwawa hushika kwanza kile ambacho fukwe hukihitaji, na kuachia sehemu ya kile kinachofunika matumbawe na nyasi za bahari, samaki wakakosa malisho. Misri imeyaona: tangu bwawa la Aswan likamilike mwaka 1970, ufuo wa Rashidi umeliwa na bahari. Mvuvi au mwenye hoteli anayelalamika leo kwamba mchanga umemtenga na maji aupime upande huo pia. Tena mito na makorongo yote yanayoingia chini ya Thwake, Tsavo ukiwemo, bwawa haliyagusi, na kila tani linayoishika hupunguza nafasi ya maji yaliyokusudiwa mabomba na mashamba.

Dawa iko kwenye mteremko wenyewe. Ukambani inalijua somo hili kwa uchungu: mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga ng'ombe wao kunyang'anywa kwa amri ya wakoloni, kwa kisingizio cha mmomonyoko. Amri ilishindwa. Kilichofaulu baadaye ni matuta ambayo wakulima waliyakubali wenyewe, hasa yale yaitwayo fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ukazuia maji. Lakini matuta hayajafika kila shamba, barabara na machimbo ya mchanga hayana matuta, na kingo za mto bado zinalimwa. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Kilifi, kaunti ya Malindi, inayolipia uharibifu kwa samaki na matumbawe, iketi meza moja na kaunti hizo za juu na ichangie gharama ya matuta hayo, kwa sababu tope likishafika Malindi hakuna anayeweza kulirudisha Ukambani.