Nishati Safi Mpakani (3): Harufu Iliyolipiwa na Watoto wa Texas

Sasa mitungi ya gesi ya kilo 6 ya bei ya ruzuku inazungumzwa kila kona, na wachoma nyama wa Tunduma wanaolisha madereva wa malori wameanza kuhama mkaa. Katika makala zilizopita tulimalizana na valvu na regulata; leo ni zamu ya kuvuja kwa gesi. Ila siwezi kufika huko bila kupitia Texas.

Gesi haina harufu. Ule uvundo wa kabichi iliyooza umetiwa kusudi, ni kemikali yenye salfa. Huko New London, Texas, shule moja ilineemeka kwa fedha za visima vya mafuta, lakini wakubwa wake wakaiona bili ya gesi ni mzigo. Wakaachana na aliyewauzia, wakajiunganishia bomba la gesi ambayo kampuni ya mafuta ilikuwa ikiitupa. Ilikuwa gesi ya visimani, si hii ya mitungi, lakini nayo haikunuka. Ikavuja, ikajaa chini ya sakafu. Tarehe 18 Machi 1937, alasiri, mwalimu wa ufundi akawasha mashine ya umeme ya kupigia msasa. Cheche ikatosha. Walikufa karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Wiki chache baadaye sheria ya Texas ikaamuru gesi itiwe harufu.

Ndiyo maana hunipanda hasira nikimwona mtu amenusa gesi, akaendelea kugeuza mishikaki. Na ubahili ni uleule wa New London: mpira wa kumwagilia bustani unafungwa kwa waya mahali pa mrija wa gesi!

Nafasi inaniishia, basi hizi hapa kanuni kwa ufupi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Turubai lililoshushwa hadi ardhini kuzuia upepo huifungia ndani, pamoja na jiko la mkaa la jirani. Acha pande mbili wazi. Mtungi usimame wima, mbali na moto. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko lenye mfuniko lifunuliwe kabla ya kuwashwa. Ukinusa, funga valvu, usiguse swichi, watu wasogee mbali. Na baridi ya Julai ikiufanya moto unyong'onyee, vumilia au badilisha mtungi, usiusogezee makaa.