Gari Lenye "Akili" na Mzigo wa Nyanya: Mambo ya Kujua Kabla Hujashuka Kitonga

Leo tunaweka pembeni viuatilifu na bei ya mbolea, tuongelee gari. Najua kuna atakayesema, "Afisa ugani na magari wapi na wapi?" Sasa sikia. Mavuno hayajaisha mpaka yafike sokoni. Unaweza kulima nyanya vizuri kabisa pale Ilula, ukapulizia kwa wakati, ukachuma kwa wakati, halafu kila kitu kikaishia kwenye korongo la Kitonga: mzigo, gari, mkopo wa benki, na wewe mwenyewe.

Siku hizi vijana wengi mnanunua magari yaliyotumika kutoka Japani: pikapu, Probox, Noah, Subaru. Mengi yana vifaa vya kumsaidia dereva. Dashibodi imejaa taa, usukani umejaa vitufe, gari linapiga kengele na linaongea Kijapani. Muuzaji anakwambia, "Hili gari lina akili, linajifungia breki lenyewe." Hapo ndipo hatari inapoanzia, maana dereva anaanza kuliamini gari kuliko macho yake.

Ukisahau mengine yote, shika hili: kompyuta ya gari haina breki zake wala matairi yake. Inatumia hizo hizo breki na hayo hayo matairi uliyofunga wewe. Breki zikiwa zimeisha na tairi likiwa kipara, akili yote ya gari haina cha kushika.

1. Vifaa vyenyewe vinafanya nini?

*ABS.* Hii inazuia matairi yasigande unapokanyaga breki kwa nguvu. Tairi likiganda linateleza tu, na ukikata usukani gari halifuati. ABS inaachia na kushika breki mara nyingi kwa sekunde moja, ili uweze kukwepa huku unapunguza mwendo. Kwa hiyo ukipata dharura, kanyaga kwa nguvu na ushikilie, usipampu. Pedali itatetemeka mguuni na utasikia mlio. Usishtuke ukaachia, ndiyo kazi yake hiyo. Ila elewa kwamba kwenye changarawe na vumbi, kama zile barabara zetu za kutoka shambani, ABS inaweza kufanya gari lichukue umbali mrefu zaidi kusimama. Nenda taratibu.

*Kizuia kuteleza.* Kwenye Toyota kinaitwa VSC. Taa yake ni kigari chenye mistari ya kujipinda chini yake. Ikimweta, maana yake gari limeanza kuteleza na kifaa kinafanya kazi, kwa hiyo punguza mwendo. Ikiwaka moja kwa moja, ama umekizima ama kina hitilafu. Ukikwama kwenye tope shambani, gari linaweza kukata nguvu ya injini kila tairi linapozunguka bure. Hapo bonyeza kitufe cha TRC OFF, jinasue, kisha washa tena kabla hujaingia lami. Wengi wanasahau hiyo hatua ya mwisho.

*Kruzi, yaani kifaa cha kushikilia mwendo.* Kruzi ya kawaida inashika mafuta tu, haishiki breki. Ukiiacha kwenye mteremko, gari litazidi mwendo ulioweka. Usiitumie mlimani, kwenye mvua, kwenye kona nyingi, wala unapopita vijijini.

*Kamera na rada ya mbele.* Hivi ndivyo vinavyopiga kengele unapokaribia gari la mbele au unapohama mstari, na kwenye magari mengine vinafunga breki vyenyewe. Subaru zenye EyeSight zina kamera mbili juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Toyota nyingi zina kamera hapo juu, na baadhi zina rada nyuma ya nembo ya mbele. Vifaa hivi vilitengenezwa kwa barabara zenye mistari inayoonekana na magari yenye taa. Usitegemee vitamwona ng'ombe anayekatiza usiku, mkokoteni usio na taa, au lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti barabarani. Wa kuviona hivyo ni wewe.

Fikiria bomba lako la kupulizia. Hata likiwa la bei gani, nozeli ikiziba dawa haifiki. Kamera nayo ni hivyo hivyo. Vumbi, tope, stika iliyobandikwa mbele yake, au ngao ya chuma uliyofunga mbele ya rada, vyote vinaiziba. Na ukibadilisha kioo cha mbele, kamera inatakiwa kupimwa upya na fundi mwenye mashine ya kompyuta. Bila hivyo inaweza kutazama pembeni, ikafunga breki pasipo sababu au isifunge kabisa.

*Kamera ya nyuma.* Inasaidia, ila haioni kila pembe, na ikiwa na tope haioni chochote. Shambani kuna watoto, mbuzi, na vibarua waliokaa kivulini. Kabla ya kurudi nyuma shuka, zunguka gari, ndipo urudi.

2. Mzigo: hapa ndipo vijana mnapojiponza

Tufanye hesabu ya shambani. Chukua tenga moja la nyanya ulipime. Tuseme limekuja kilo 45. Ukipakia matenga 24, hizo ni kilo 1,080. Pikapu yako ni ya tani moja, na bado hujajipima wewe, wenzako wawili, na dumu la mafuta. Umeshazidisha.

Mizani ya barabarani imewekwa kwa ajili ya magari makubwa, ya tani 3.5 na kuendelea. Pikapu ndogo hakuna atakayekusimamisha kukwambia umezidisha. Wa kujipima ni wewe. Magari mengi ya mizigo kutoka Japani yana kibandiko nyuma kinachotaja mzigo wa mwisho. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba na herufi "kg" unazisoma mwenyewe.

Mzigo ukizidi nyuma, pua ya gari inanyanyuka. Matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanakata kona na kufanya kazi kubwa ya breki, yanapoteza mshiko. Taa zinamulika juu na kuwapofusha wenzako, na kamera nayo inatazama juu ya pale inapotakiwa. Magari mengi yana kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0 karibu na usukani. Hicho ni cha kushusha taa. Ukiwa mtupu weka 0, ukipakia panda namba.

Na kingine: usipandishe watu juu ya matenga. Hakuna kifaa kinachomshika mtu asiye na mkanda.

3. Matairi

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye fremu. Kuna kibandiko cha upepo, mara nyingi kwa kipimo cha kPa. Gawanya kwa 6.9 upate kipimo anachotumia fundi wetu. Kwa mfano, kPa 240 ni kama 35. Pikapu nyingi zina namba tofauti kwa matairi ya nyuma, hasa zikiwa na mzigo. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, maana likishatembea upepo unapanda na kipimo kinakudanganya.

Kuna magari yanayowasha taa tairi likipungua upepo, lakini mengi yanayotoka Japani hayana. Nunua geji yako, ikae garini. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linapata moto mpaka linapasuka.

Angalia na umri. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa limezeeka na kupasuka vinyufa ubavuni. Usifunge la namna hiyo kwenye gari la mzigo. Na meno yakibaki milimita 1.6, yaani yakilingana na vile vijivimbe vilivyomo ndani ya mifereji, tairi limekwisha.

4. Kushuka mlima bila kuua breki

Breki zinasimamisha gari kwa msuguano, na msuguano ni moto. Ukishuka Kitonga huku mguu uko kwenye breki mwanzo mpaka mwisho, moto unapanda na kuingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya, kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205. Yakishaingiwa na maji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali inaenda mpaka chini, gari haliko na wewe tena. Wala ABS haitakusaidia, kwa sababu inatumia mafuta hayo hayo.

Kwa hiyo:

- Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana yamejaa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.
- Kabla ya mteremko, si katikati yake, shusha gia. Kwa gari la kawaida weka gia ya 2 au 3 kulingana na mzigo. Kwa otomatiki tumia L, 2, S au B, kulingana na gari lako. Injini itanguruma, iache ingurume, ndiyo inakushikia gari.
- Kanyaga breki vizuri, punguza mwendo, kisha achia zipoe. Usiziburuze.
- Usiweke huru. "Kuokoa mafuta" kwa kuteremka na huru ni kununua kifo kwa bei ya nusu lita.
- Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imekuwa laini, tafuta sehemu salama, simama, weka mawe nyuma na mbele ya matairi, subiri. Ukiondoka, toa mawe barabarani.

Na kumbuka mwendo. Ukiwa 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kabla mguu wako haujagusa breki. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne.

5. Taa za dashibodi: soma rangi

Nyekundu ni simama. Njano ni nenda kwa fundi mapema. Kijani na bluu ni taarifa tu. Magari mengi hayana mshale wa joto la injini, yana taa: bluu injini bado ya baridi, nyekundu imechemka. Ikiwaka nyekundu simama, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe. Maji yale yanababua.

Taa ya ABS ikiwaka yenyewe, breki za kawaida kwa kawaida bado zipo, lakini matairi yanaweza kuganda. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki wakati hendibreki umeshaachia, usiendelee na safari. Na usimkubalie fundi anayetaka "kuizima" taa kwa kutoa balbu au kukata waya. Huko ni kung'oa majani yenye ugonjwa ukaacha mzizi.

Kama gari lako linajizima kwenye foleni na kuwaka ukiachia breki, halijaharibika. Ila betri yake ni maalumu, ina maandishi kama M-42 au Q-85. Ukiweka ya kawaida inakufa haraka.

6. Dakika kumi kabla ya safari

1. Upepo wa matairi, pamoja na spea.
2. Oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki. Yakiwa yanapungua, tafuta kinachovuja au pedi zilizoisha, usijazie tu.
3. Futa kioo, kamera na taa kwa kitambaa safi chenye maji.
4. Chujio la hewa. Kiangazi, kwa vumbi la shambani, linaziba mapema kuliko kitabu kinavyosema.
5. Mzigo umefungwa, haujazidi, haujapanda juu sana.
6. Pembetatu, jeki, spana, tochi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
7. Wewe mwenyewe umelala? Ukianza kusikia kengele ya kuhama mstari mara kwa mara usiku, gari linakwambia umechoka. Simama ulale. Soko la asubuhi lipo hata kesho.

Ukinunua gari jipya kwako, chukua Jumamosi moja, nenda sehemu ya wazi bila mzigo, ujaribu breki ya ghafla kwa mwendo mdogo ili mguu wako uujue mtetemo wa ABS. Usiende kuujua mara ya kwanza pale Kitonga, na lori liko nyuma yako.

Nakutakia mavuno mema, na yafike sokoni salama.