Likasi: Kwa nini simu huandika «Gécamines»?

Jina la Gécamines linajulikana na kila mkaaji wa komini ya Shituru, mjini Likasi, ambako kampuni hiyo ina viwanda vya shaba. Lakini kwenye simu jina hilo huweza kutokea likiwa «Gécamines». Wengi hudhani simu imeharibika au mtandao ni dhaifu. Sivyo. Kosa liko katika namna ukurasa ulivyoandikwa.

Nyuma ya maneno anayoyaona msomaji, kila ukurasa wa intaneti una alama zilizofichwa, ziitwazo HTML. Ndizo zinazoeleza wapi aya inaanza na wapi jedwali linaisha. Programu za kusoma kurasa, kama Chrome na Firefox, hufuata alama hizo. Shida ni kwamba watengenezaji wengi husahau kufunga alama walizofungua, au huzichanganya.

Katika miaka ya 1990, kila programu ilisahihisha makosa hayo kwa njia yake. Ukurasa uliosomeka vizuri kwenye Netscape uliweza kuvurugika kwenye Internet Explorer. Mwaka 2000, shirika la W3C, lililokuwa likiweka kanuni za kurasa hizo, lilitoa XHTML, yenye sheria kali: kwa kosa moja tu, programu ilipaswa kukataa ukurasa. Watengenezaji wengi hawakuifuata. Mwaka 2004, Apple, Mozilla na Opera walianzisha kundi la WHATWG, lililoandika hatua kwa hatua jinsi ya kusoma hata ukurasa wenye makosa. Kazi hiyo ilizaa HTML5, iliyothibitishwa na W3C mwaka 2014.

Tangu hapo, programu zote kubwa hurekebisha kosa lilelile kwa njia ileile. Aya isiyofungwa hufungwa yenyewe aya nyingine inapoanza. Alama ya maandishi mazito isipofungwa, maandishi yote yanayofuata huwa mazito.

Lakini kurekebisha si kujua nia ya mwandishi. Neno likiwekwa ndani ya jedwali bila kuwa katika chumba chake, programu hulihamisha juu ya jedwali. Kama neno hilo ni bei ya unga au alama za mwanafunzi, msomaji huiona mbali na jina linaloihusu, na hakuna onyo lolote linalotokea.

Yapo pia mambo matatu ambayo mtengenezaji anapaswa kuyaandika mwenyewe.

La kwanza ni aina ya herufi. Katika mfumo wa UTF-8, «é» huhifadhiwa kwa namba mbili. Ukurasa usipotaja mfumo huo, programu huweza kusoma kila namba kama herufi yake, na «é» ikawa «é». Ndiyo maana maneno ya Kifaransa huumia zaidi kuliko ya Kiswahili, ambacho hakitumii alama hizo.

La pili ni upana wa skrini. Usipotajwa, simu huchukulia kwamba ukurasa ni wa kompyuta, na maandishi huwa madogo sana.

La tatu ni lugha. Programu zinazowasomea vipofu kwa sauti huchagua matamshi kufuatana na lugha iliyotajwa. Ukurasa wa Kiswahili uliotangazwa kuwa wa Kifaransa husomwa kwa matamshi ya Kifaransa, na msikilizaji haelewi kitu. Kiswahili kina alama yake, «sw», na Kiswahili cha Congo kimepewa «swc» katika orodha ya kimataifa ya lugha.

Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, ukurasa usiosomeka ni pesa iliyopotea. Shule, duka au ofisi inayotengenezewa ukurasa inaweza kuupima bure kwenye validator.w3.org, ambako W3C huonyesha kila kosa na mstari wake. Mistari mitatu ya herufi, skrini na lugha huandikwa kwa dakika chache, na ni vema kuiomba kabla ya kumlipa mtengenezaji.